Sweta la kashmiri linatoa vijibonge, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Mama yangu anaishi Njombe, na baridi ya Juni kule mnaijua. Nimempatia sweta la kashmiri la mtumba, jepesi lakini lina joto kuliko makoti yake yote. Tatizo ni vijibonge vya nyuzi. Kwapani na ubavuni, pale mkoba unaposugua, vimejaa hadi sweta linaonekana limechakaa wakati kitambaa chenyewe bado kizima kabisa.

Najua kashmiri ni manyoya laini ya ndani ya mbuzi, nyuzi zake nyembamba na fupi, kwa hiyo msuguano huzichomoa na kuziviringa. Tunalifua kwa mkono, maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo, bila kulisokota wakati wa kukamua. Tunalianika kivulini, likiwa limelazwa juu ya taulo.

Sasa hivi vijibonge nivitoeje? Dada anashauri wembe, mie naogopa matundu. Aliyewahi kutumia kitana cha sweta au kile kimashine cha betri aniambie kipi hakiharibu kitambaa. Na nondo je, mnawazuiaje bila naftalini? Harufu yake inamletea mama kikohozi. Nitashukuru sana.