"Demurrage" kwenye bili ya kontena ni nini hasa?

MchuuziKkoo: Wakuu, kontena langu la vitenge limekwama bandarini Dar, nasubiri nyaraka. Wakala kaniletea bili: mstari mmoja "storage", wa pili "demurrage". Mbona kama nalipia kulala mara mbili?

Baharia_Kurasini: Hapana mkuu, wadai ni wawili. Storage ni ya mwenye uwanja, iwe bandari au bandari kavu. Demurrage ni ya mwenye meli: umeng'ang'ania kontena lake kupita siku za bure. Neno lina asili ya Kifaransa cha zamani, kukawia. Lilianza na meli zenyewe; aliyeikodi akichelewa kupakia au kupakua, analipa. Huko bado ndiyo maana yake.

DadaForodha: Na bado kuna detention! Hiyo ni kontena likishatoka getini ukachelewa kulirudisha tupu. Kampuni nyingine huzichanganya (wajanja hao), kwa hiyo soma masharti yao.

MchuuziKkoo: Shukrani. Na Jumapili nayo inahesabiwa?

Baharia_Kurasini: Siku za bure zikishakwisha, kwa kawaida hata Idi inahesabiwa. Mbane wakala wako leo leo.