Mjadala: Kazi Nairobi, kazi Muscat. Hewa nayo ihesabiwe?

Assalaam alaykum jamaa. Kuna kijana wetu wa Mkunazini, Unguja, yuko Dar muda mrefu kwenye kazi ya uhasibu. Amepata nafasi mbili kwa mpigo. Ya Nairobi ina cheo kikubwa na njia ya kupanda. Ya Muscat, Oman, ina mshahara mnono zaidi, cheo kile kile alichonacho sasa. Ana mke, ana watoto wa skuli, na mama yake mzazi anaishi naye. Wazee wa mtaani wamemwambia aende Muscat, kule ni kama kwetu. Wa rika lake wanasema Nairobi, kazi kwanza. Alipotaja hewa akachekwa: mwanamme mzima unaogopa jua?

Mie sioni cha kucheka. Tunaizungumza hewa na mila kama vitu viwili mbalimbali, na wakati baraza zetu zipo kwa sababu jioni zetu zinakalika. Upepo wa Kusi ukivuma, Juni mpaka Septemba, watu wako nje na kahawa yao mpaka usiku. Muscat Waswahili wapo tele. Familia nyingi zilihamia huko baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, na zipo nyumba ukiingia unasikia Kiunguja kitupu na mkate wa kumimina uko mezani. Hilo silipingi. Lakini miezi hiyo hiyo ya Kusi, wao wanaungua. Juni 2018 pale Quriyat, mji wa pwani si mbali na Muscat, joto lilikaa mchana na usiku bila kushuka chini ya nyuzi 42.6. Baraza gani hapo? Jirani unamwendea kwa gari, kutoka kiyoyozi hadi kiyoyozi.

Na jambo linalonikera khasa: anayepewa kazi siye anayepigwa na hewa. Yeye yuko ofisini. Anayefungiwa ndani ni mke, na bibi aliyezoea kubeba sahani ya futari kwa miguu nyumba ya tatu. Basi kwa nini aamue mwenye ajira peke yake?

Wete: Ndugu yangu, unaipamba tu hoja. Sisi Wapemba tumetawanyika Kariakoo, Tanga, Mombasa, na sijasikia mtu aliyepima joto kabla ya kufungua duka. Halafu mbona umetaja Juni tu? Novemba mpaka Machi Muscat hewa tamu, watu wanalala madirisha wazi. Na Ijumaa ni siku ya mapumziko. Huko Nairobi aombe ruhusa kwa bosi ndipo awahi khutba.

Nairobi, mzaliwa wa Malindi: Ruhusa tunapata, Wete, na Msikiti wa Jamia uko katikati ya mji. Shida ya hapa ni Julai. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jua linajificha siku nzima, na nyumba hazina cha kuzipasha moto. Mama yangu alipokuja kututembelea alivaa sweta mbili na kanga juu yake, magoti yanamuuma, hatoki chumbani. Lakini nikitamani pwani napanda treni, tangu 2017 ipo, alasiri niko Mombasa nakula wali wa nazi. Na kazini nimepanda, sisemi uongo. Muscat angenipandisha nani?

London, mzaliwa wa Kikwajuni: Nyinyi mnalia kwa sweta mbili! Hapa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, watoto wanatoka skuli kiza. Bi mkubwa alipofika akachungulia dirishani, akaniuliza watu wa mtaa huu wamehama? Na saumu je? Ramadhani ya Juni 2016 tulifunga zaidi ya saa 18, tunafuturu saa tatu imeshapita. Mwaka 2030 itaangukia Januari kisha tena mwisho wa Desemba, tutafunga kama watoto. Kwa hiyo mkipima hewa msipime ya mwaka mmoja. Ukikaa mji miaka ishirini utazionja zote. Kazi yangu lakini siiachi.

Fuoni: Nyote mnaongea watu wa ofisi. Mie nilijenga maghorofa Ghuba. Oman wanakataza kazi za nje Juni mpaka Agosti, saa sita na nusu mchana mpaka tisa na nusu, na wana sababu. Ukirudi kuoga, bomba la baridi ndilo linalotoa maji ya moto, maana tangi liko juu ya paa. Tulikuwa tunazima hita, tunaoga yale yaliyolala ndani yake. Mhasibu hatayajua hayo. Hewa utakayoishi unapangiwa na kazi yako, si na mji.

Michenzani: Kwa nini asibaki Dar? Boti saa mbili tu, maziko yote anawahi.

Mwenye hoja: Dar anaijua, na masika ikifurika Jangwani anaijua zaidi. Cheo hakuna, ndiyo maana anaondoka. Fuoni, umesema kweli, ila umemsahau bibi. Yeye hana kazi ya kumpangia hewa, anapangiwa na ya mwanawe.

Bi mmoja, Chake Chake: Samahani wanangu. Mama mwenyewe kaulizwa?

Mwenye hoja: Kaulizwa jana, Bi. Kasema Muscat, kwa sharti moja: joto likianza anarudi Unguja kupunga Kusi, na Kaskazi ikituchoma sisi huku, yeye yuko kule kwenye ubaridi. Majahazi ya zamani yalikuja na Kaskazi yakarudi na Kusi. Yeye atakwenda kinyume chake. Mke naye kasema kama ni hivyo na yeye na watoto wanarudi, hata skuli zikiwa wazi. Sasa wanazozana tiketi zote hizo zinatoka kwenye mshahara upi, maana mshahara ndio uliokuwa sifa ya Muscat.