Naomba ushauri: wasikilizaji wangu wamegawanyika kuhusu muziki wa Afrika Magharibi

Habari zenu wakuu. Naendesha kipindi cha Jumapili jioni kwenye redio moja ya mkoani, napiga muziki wa Afrika Magharibi tu. Nikiweka "Sweet Mother" ya Prince Nico Mbarga, ya mwaka 1976, simu zinaita mfululizo na wazee wanatuma salamu kwa mama zao. Nikigusa Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Afrobeat wa Nigeria, ambaye wimbo wake mmoja unaweza kupita dakika 10 na sauti yake ikachelewa kuingia, meseji zinageuka: "Mtangazaji umelala?" Vijana wao wanataka Burna Boy na Wizkid, basi. Mbalax, muziki wa dansi wa Senegal, ndiyo inanipa shida zaidi. Ngoma ya sabar inakwenda kasi, na wengi wanalalamika hawajui waicheze vipi.

Fela simwachi. Zile tarumbeta na saksafoni, na Tony Allen kwenye drams, zinastahili kusikika bila kukatwa. Wenye uzoefu wa utangazaji, nimweke mwishoni mwa kipindi, au nieleze kwanza anaimba nini? Na nyie wasikilizaji, kitu gani hasa kinawafanya mhame stesheni? Natanguliza shukrani.