Mtumbuizaji maarufu na mwanamuziki mwenye ushawishi: kipimo ni kipi?

Mleta mada: Wadau, habari zenu. Naandaa orodha ya wanamuziki waliobadilisha muziki, lakini kila nikianza najikuta nimejaza waliouza sana. Nikiweka mauzo kando, nitazame nini?

Jibu la 1: Mkuu, tazama wanamuziki wenzake walichukua nini kwake. Mwaka 1955 Pat Boone aliurudia wimbo wa mwimbaji na mpiga piano Fats Domino, "Ain't That a Shame", ukashika namba 1 Marekani. Wa Fats mwenyewe uliishia namba 10 kwenye chati za pop. Lakini wapiga piano walimwiga nani? Fats: mkono wa kulia unagonga mara tatu tatu katika kila pigo, wa kushoto unatembeza besi. Mwaka 1968 Paul McCartney alipiga na kuimba "Lady Madonna" kwa kumfuata yeye, na mwaka huohuo Fats akaurekodi wimbo huo. Boone alikuwa mtumbuizaji hodari, ila mtindo wa kupiga ulitoka kwa Fats.

Jibu la 2: Naongezea utaratibu. Kwa kila jina, andika kitu kimoja kinachosikika: mdundo, upigaji wa gitaa, namna ya kurekodi. Ukikosa cha kuandika, huyo mweke pembeni kwanza. Kisha tafuta waliokichukua, kwa ushahidi: sampuli (kipande cha rekodi kilichokatwa na kutumiwa kwenye wimbo mwingine), wimbo uliorudiwa, au kauli ya mchukuaji mwenyewe. Kufanana peke yake hakutoshi, maana wawili wanaweza kuwa wamechota kwa mtu wa tatu.

Na tafadhali soma majina ya wapigaji, usiishie kwenye jina la jalada. "Funky Drummer" inajulikana kama ya James Brown, lakini ule mdundo wa ngoma uliosampuliwa na wana hip hop wengi ni mikono ya Clyde Stubblefield, na hakutajwa kama mtunzi. Ukimwacha, orodha yako ina pengo.

Jibu la 3: Nakubaliana nanyi, ila msimwondoe mtu kwa sababu tu aliuza. The Beatles wako pande zote mbili.

Mengine huonekana baada ya muda. Mpiga gitaa wa blues Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, 1936 na 1937, akafariki 1938. Santuri ya mkusanyiko wa nyimbo zake ya 1961 ndiyo iliyomfikisha kwa wapiga gitaa wengi wa Uingereza, Eric Clapton akiwemo. Kwa hiyo wanaovuma sasa hivi waandikie ukurasa wao, kwa penseli, uweze kufuta baadaye.