MBA nje: shule ndogo ina faida kweli au tunafarijiana?

Mkopeshaji_Mwanza:
Habari za mda huu wakuu. Niko benki, idara ya mikopo ya wafanyabiashara, na mwaka huu nimeamua liwalo na liwe naomba MBA (uzamili wa biashara) Marekani, GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, nimeshapiga na alama zinaeleweka. Sasa ada za maombi na mda wa kuandika zile insha zao haviruhusu kutupa ndoano kila mahali, nataka nikaze na mbili tu. Moja ni Wharton ya Philadelphia, hiyo haihitaji utambulisho. Nyingine ni Tuck, shule ya biashara ya chuo cha Dartmouth, iko Hanover, kamji kadogo New Hampshire mpakani na Vermont. Tuck ilianza 1900 na ndo inatajwa kuwa shule ya kwanza kutoa shahada ya uzamili ya biashara, lakini hadi leo wanachukua watu kama 300 tu kwa mwaka, Wharton wanachukua zaidi ya 800. Kila nikitaja Tuck kazini naulizwa "ndo wapi huko?" Mwenye uzoefu anisaidie, nguvu zangu niziweke wapi? Nina mke na mtoto wa miaka mitatu, hilo nalo mlizingatie.

Bwana_Mahesabu:
Mkuu mimi nilisoma shule ndogo, sio Tuck, ilikuwa Ulaya, jina naliacha. Darasa zima tulikuwa wachache kuliko Form One B ya shule ya kata. Nikwambie kitu kimoja, kule hamna pa kujificha. Mimi nilienda na ile tabia yetu ya kukaa nyuma, kuandika kila kitu na kufaulu mtihani, wiki za mwanzo nikawa sifungui mdomo kabisa. Siku moja prof wa fedha akanikuta kwenye mashine ya kahawa, akanitaja jina, akaniuliza kule kwenu benki inamkopeshaje mtu ambaye hana hati ya nyumba. Nikamweleza vikundi vya kudhaminiana, dhamana za makochi na friji, afisa mikopo kwenda dukani kuhesabu mzigo kwenye shelfu coz mwenye duka hana vitabu. Akasikiliza mpaka kahawa ikapoa, alafu akasema Alhamisi kesi ya kujadili darasani ni ya mikopo midogo, wewe ndo unafungua mjadala. Usiku ule sikulala vizuri, lakini baada ya hapo nikawa mtu wa kuongea. Sasa wewe na hiyo kazi yako una vitu vya namna hiyo kibao, swali ni nani atapata nafasi ya kukuuliza.

La pili ni wahitimu waliotangulia. Wa shule ndogo ni wachache ila wanashikana balaa. Nilipotafuta fildi ya kiangazi niliwaandikia watu nisiowajua waliopo Nairobi na Johannesburg, mmoja akanipigia WhatsApp jioni ile ile akiwa kwenye foleni ya magari, tukaongea mpaka akafika kwake. Na hao Tuck uliowataja wanasifika kwa hilo, kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya wahitimu wao wanaichangia shule hela kila mwaka, chunguza shule nyingine uone kama wanafika hata robo.

HR_Posta:
Naheshimu maelezo ya mkuu hapo juu ila mi naongea kama mtu ninayechambua sivii hapa Dar. Mleta mada ukirudi Bongo jina linaongea kabla yako, huo ndo ukweli hata kama unauma. Na msiwatishe watu kuhusu shule kubwa, Wharton hawakuachi uelee elee tu, mwaka wa kwanza wanawagawa kwenye mikondo ya watu kama 70, kwahiyo wenzako utawajua vizuri tu. Alafu una kozi za kuchagua karibu mia mbili, mambo ya ardhi na majengo, bima, afya, sijui nini, shule ndogo kozi unayoitaka inaweza kutolewa mara moja kwa mwaka na prof akiwa likizo ndo basi tena. Na kitu watu hawasemi, kijiji ni kijiji. Ukikosana na mtu kwenye kikundi cha masomo utakutana naye darasani, kantini, jimu na kwenye sherehe ya Ijumaa.

Bwana_Mahesabu:
Kwa kozi umenipata HR, hilo sibishi. Ila jina linategemea nani anasoma. Ukitaka kampuni kubwa za ushauri wa biashara kama McKinsey, Bain au BCG, hao Tuck wanaijua fika, wanakwenda mpaka Hanover kuchukua watu kila mwaka. Meneja rasilimali watu wa Posta asipoijua haimzuii mtu.

Dada_wa_Njiro:
Wote mnaongea kama vile ndogo zote ni sawa. Kuna shule ndogo kwa kupenda na kuna shule ndogo kwa kukosa wanafunzi, hizi za pili ndo zinawaliza watu. Tuck ikitaka kujaza watu elfu inajaza, imeamua tu kubaki hivyo, na kazi yake kubwa ni hiyo hiyo MBA ya kutwa, haina shahada ya kwanza wala PhD za kugombania maprof. Lakini kuna mwingine anaona tangazo "madarasa madogo, uangalizi wa karibu", kumbe walimu wanakuja Jumamosi tu na wiki nzima ofisi zina kufuli. Mdogo wangu yalimkuta, nchi sitaji.

Angalieni ithibati kwanza, yaani muhuri wa ubora wa kimataifa wa shule za biashara, AACSB, EQUIS au AMBA, angalau moja iwepo. Ombeni ripoti ya ajira: wangapi walipata kazi ndani ya miezi mitatu baada ya kumaliza, kwa kampuni zipi, na wageni wanaohitaji viza wamehesabiwa vipi. Shule ikianza kuzunguka kwenye hilo, ondoka. Na kwa wanaorudi nyumbani ulizeni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) mapema kuhusu kutambuliwa kwa cheti, sio mnafika na joho ndo mnaanza kukimbizana na barua.

Mkopeshaji_Mwanza:
Aisee ahsanteni sana, nimeshaanza kutafuta wahitimu wa Tuck waliopo Afrika Mashariki niwaandikie, nione kama kweli wanajibu. Dada, vipi kuhusu familia?

Dada_wa_Njiro:
Hapo ndo Hanover inakubeba. Dartmouth wana makazi ya wanafunzi wenye familia, Sachem Village, watoto wanacheza nje na majirani wote ni wanafunzi wenzio. Ila baridi sio mchezo, Januari usiku nyuzi kumi chini ya sifuri ni kawaida na bila gari utateseka. Kubwa kuliko yote ni la shemeji: ukienda na F-1, viza ya mwanafunzi, yeye anapewa F-2, ya mwenza, na F-2 hairuhusiwi kufanya kazi. Hata kuuza maandazi. Kwahiyo piga hesabu ya miaka miwili bila mshahara wake wala wako, ada peke yake inapita dola elfu sabini na tano kwa mwaka, na umwonyeshe hizo hesabu sasa hivi, kabla hujalipia fomu. Anafanya kazi gani yeye?

Mkopeshaji_Mwanza:
Nesi, Bugando. Na hilo la F-2 hajui bado. Ngoja atoke zamu.