Mchoro wa kutoa kontena bandarini: programu haioni kosa, wasomaji hawauelewi

Mchoraji_Mvita

Assalam aleikum wajuzi. Nina mchoro wa BPMN (mfumo wa alama za kuchora hatua za kazi) wa kutoa kontena la bidhaa kutoka nje katika bandari ya Mombasa, tangu manifesti (orodha ya shehena ya meli) kuwasilishwa hadi lori kutoka getini. Una alama 94, ukijumlisha kazi, matukio na almasi (mahali njia inapogawanyika au kuungana). Mikondo, yaani safu za wahusika, ni sita: mwagizaji, ajenti wa forodha, KRA (mamlaka ya mapato), wakala wa meli, KPA (mamlaka ya bandari) na msafirishaji. Matukio ya kuanzia ni matatu na ya kumalizia ni matano. Programu ya kuchorea haionyeshi kosa hata moja, lakini ukiwauliza makarani "D/O yaweza kuchukuliwa kabla ushuru haujalipwa?" (D/O ni hati ya wakala wa meli inayoruhusu mzigo utolewe) kila mmoja anasoma jibu lake. Tatizo ni BPMN, ni ukubwa, au ni wasomaji? Au nirudi kwenye orodha ya hatua kwa maandishi?

Fundi_Mtiririko

Waaleikum salaam. Orodha ya maandishi itakuficha hilo hilo unaloulizwa, kwa sababu inalazimisha hatua zifuatane hata pale zinapokwenda sambamba. Baki na mchoro.

Programu nyingi hukagua sarufi tu: mshale umeunganishwa, tukio la mwisho lipo. Hazikwambii kama mchakato utakwama. Chukua sarafu, iweke kwenye tukio la kuanzia, isukume kufuata mishale. Ukifika kwenye almasi yenye alama ya kujumlisha, weka sarafu moja kwenye kila tawi. Kwenye almasi ya X, chagua tawi moja tu. Kwa mchakato huu nakisia utagundua makosa mawili.

La kwanza: tawi la forodha (lipa ushuru, kaguliwa, pata ruhusa ya KRA) na tawi la wakala wa meli (lipa gharama zake, salimisha B/L, yaani hati ya shehena, chukua D/O) yanakwenda sambamba, kisha mishale yote miwili inaingia moja kwa moja kwenye "Chukua kontena". Kwa macho inaonekana "zote mbili zikiwa tayari". Kwa kanuni za BPMN, kila sarafu inayofika inaianzisha kazi hiyo upya, kwa hiyo kontena moja linachukuliwa mara mbili, na mara ya kwanza huenda D/O haipo. Weka almasi ya kujumlisha kabla ya kazi hiyo.

La pili ni kinyume chake. Chaneli za kijani, njano na nyekundu, yaani njia ambazo forodha huupangia mzigo, zinagawanywa kwa X, halafu zinaunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Inasubiri sarafu tatu, itapata moja, na mchakato unalala hapo.

Kila mgao upate muungano wa aina yake. Msomaji akishaizoea kawaida hiyo, hahitaji tena kurudi nyuma kutafuta almasi ilifunguliwa wapi.

Halafu hayo matukio matatu ya kuanzia. Msomaji hajui kama yote matatu lazima yatokee au mojawapo linatosha. Bakisha moja. Ya kumalizia nayo, jaribu kubakia na moja, ingawa mimi huvumilia mawili endapo la pili ni kushindwa kwa kweli, kama mzigo kukataliwa.

Bint_Makupa

Naongeza kuhusu maneno, maana watu huyadharau. Kasha lililoandikwa "Malipo" ni kazi, ni risiti, au ni idara? Anza na kitenzi, kisha kitu: "Lipa ushuru", "Kagua kontena", "Toa ruhusa". Kwenye almasi ya X andika swali, na majibu yakae juu ya mishale: "Chaneli gani?" kisha kijani, njano, nyekundu. Almasi isifanye kazi yoyote. Uamuzi wa chaneli unafanyika kwenye kasha lililotangulia, almasi inaelekeza njia tu.

Na mikondo sita ndani ya fremu moja (kisanduku kikubwa cha taasisi moja), hapo kuna kasoro. KRA na KPA si idara za kampuni yenu. Mshale wa mfululizo hauvuki kutoka taasisi moja hadi nyingine, kinachovuka ni ujumbe, kwa mstari wa vipande. Amua mchoro ni wa nani. Ukiwa wa ajenti wa forodha, KRA, KPA na wakala wa meli wabaki fremu tupu zinazopokea na kutuma ujumbe. Kazi zao za ndani zote zinatoka, na alama 94 zitapungua sana kabla hujagusa kitu kingine.

Fundi_Mtiririko

Hilo la fremu tupu ndilo lifanywe kwanza, mbele ya yangu yote.

Mchoraji_Mvita

Shukran. Swali moja: vibali. Mzigo mmoja waweza kuhitaji KEBS (viwango vya bidhaa), mwingine KEPHIS (afya ya mimea), mwingine Afya ya Bandari, na mwingine mbili au zote tatu. Nimetumia almasi ya duara, ile ya "moja au zaidi".

Bint_Makupa

Iondoe. Mgao wenyewe si mgumu, muungano ndio mgumu: almasi ya duara ya upande wa pili haijui isubiri ngapi mpaka itazame nyuma matawi yaliyofunguliwa, na msomaji naye vivyo hivyo. Miongozo saba ya uchoraji waliyoichapisha Mendling, Reijers na van der Aalst mwaka 2010 inashauri kuiepuka kabisa.

Hesabu_za_Mchoro

Hapo kuna mtego. Kuna kipimo cha ugumu ambacho kila mgao wa kujumlisha huhesabiwa 1, wa X huhesabiwa idadi ya matawi yake, na wa duara huhesabiwa michanganyiko yote inayowezekana. Duara la matawi matatu linatoa 7. Ukilibadilisha kwa mgao mmoja wa kujumlisha, na ndani ya kila tawi X ya "Kibali hiki kinahitajika?", unapata 1 + 2 + 2 + 2, yaani 7 ile ile, na almasi zimetoka mbili hadi nane! Faida ipo, kila uamuzi unasomeka mahali pake, lakini karatasi imejaa zaidi.

Mimi ningeweka kasha moja, "Pata vibali vinavyohitajika", na kando yake jedwali: aina ya bidhaa safu ya kushoto, taasisi juu, alama ya tiki katikati. Kanuni ya bidhaa ikae kwenye jedwali. Ikibadilika, mchoro haubadiliki.

Na usikimbilie kukata mchoro vipande eti kwa sababu miongozo hiyo inasema uvunje ukizidi alama 50. Kipande kiwe na mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, na kiwe na jina ambalo karani tayari analitumia. Ukikata katikati ya matawi sambamba, swali la D/O na ushuru litamlazimu msomaji kushika kurasa mbili kichwani, na atakosea zaidi kuliko kwenye mchoro mkubwa. Matawi hayo mawili na muungano wake yabaki ukurasa mmoja, hata ukilazimika kuchapa A3. Mtiririko uende kushoto kwenda kulia, mishale isikatane.

Mchoraji_Mvita

Nikishamaliza, nitajuaje kama umeeleweka? Wakiulizwa, wote husema umeeleweka.

Hesabu_za_Mchoro

Usiulize kama umeeleweka. Uliza maswali ya aina nne: kipi hutangulia kipi, vipi viwili haviwezi kutokea pamoja kwa mzigo mmoja, vipi vyaweza kwenda kwa wakati mmoja, na kipi chaweza kurudiwa. Pima usahihi na muda.

Tatizo ni kwamba karani mzoefu atajibu kutokana na kazi yake, si kutokana na mchoro. Tengeneza nakala ya pili ambayo makasha yana herufi A, B, C badala ya majina, uwape wengine wenye uzoefu ule ule. Wakikosea kwenye herufi, kosa liko kwenye muundo au hawazijui alama, basi bandika ufunguo wa alama pembeni na upime tena. Wakipatia kwenye herufi na kukosea kwenye majina, rekebisha maandishi. Na wakikosea yale tu yanayogusa kurasa mbili, umekata pasipofaa.