Jiko la indaksheni: wali unaungua chini, juu una kiini. Niweke moto wa ngapi?

mama_nyakato: Habari zenu wapendwa. Mkaa umenishinda bei nikachukua jiko la indaksheni la sahani moja, lina wati 200 mpaka 2000 halafu kuna kitufe kingine cha nyuzi 60 mpaka 240. Sasa wali unaungua chini juu bado una kiini, sato ndo kabisa, mafuta yanafuka moshi samaki hata hajaingia. Nyie mnaweka ngapi? Na luku inakimbia balaa

fundi_igoma: Dada hilo jiko halina kusubiri moto ushike kama mkaa, sumaku inachemsha kitako cha sufuria chenyewe, kwa hiyo 2000 waachie maji ya chai tu. Wali: maji yachemke kwa 1600, tia mchele shusha 800, yakikaribia kukauka teremka 200 funika. Mambo ya kupalia makaa juu hapa hayapo, ndo maana inabidi ugeuze wali mara moja, ukizima uache umefunikwa kama dakika kumi hivi. Vya mafuta tumia nyuzi, sato 180 inatosha. Ile 240 hata sijui waliweka ya nini

mama_nyakato: Mbona nikiweka 300 linawaka linakata linawaka tena, bovu??

bwiru_kwetu: Sio bovu, majiko mengi ya bei ya kawaida hayawezi kutoa moto mdogo mfululizo, linawasha mkubwa kidogo linakata, wastani ndo unakuja hiyo 300. Sasa kama sufuria ni nyembamba kila likiwaka inaunguza, tafuta yenye kitako kinene na bapa. Nenda na sumaku dukani, ikinasa chini kwa nguvu beba, maana hata stenlesi zingine hazinasi.

Luku iko hivi, wati 2000 saa zima ni uniti 2, wati 500 ni nusu uniti. Na maharage yakishachemka kuongeza moto hakusaidii, huku Mwanza tuko mita 1,100 na ushee juu ya bahari kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi na yanabaki hapo hapo hata uweke 2000, unachoongeza ni mvuke tu. Shusha 400, funika. Ukitaka yaive haraka ni presha kuka

fundi_igoma: 400 kwa sufuria la familia ni ndogo mkuu, mimi naenda 600. Ugali uji utokote kwa 1000, ukianza kusonga 600, na mtu akushikie sufuria maana kile kioo kinateleza, ikihama tu jiko linapiga alamu linakata

mama_nyakato: Aah kumbe ndo maana lile sufuria langu kubwa la alumini halikuwaka kabisa 😂 asanteni. Presha kuka ya kunasa sumaku hapa mjini inapatikana wapi kwa bei ya kueleweka?